Milozi ya Kimo Changu

Tangu mume wangu Eusebio afariki, shemeji Laureano huja kwangu kila Jumapili baada ya misa, anaketi, anakunywa kahawa yangu, halafu anaulizia shamba. Si afya yangu. Shamba!

"Herminia, mwaka utakaoshindwa kuvuna, nipe mimi nilishike."

Na kweli nilikuwa karibu kushindwa. Milozi yetu ya zamani ilikuwa mirefu, ya kupigwa kwa fimbo ndefu mpaka lozi zidondoke kwenye turubai, na bega langu halinyanyuki tena. Wanaume wa huku nyanda za Granada hukata kichwa cha mche usawa wa kifua, matawi yaanzie juu, ili punda apite chini akivuta plau. Punda wa mwisho kijijini alikufa nikiwa bado na meno yangu yote, lakini wao wanaendelea kumwachia njia.

Basi nikakodi trekta, nikang'oa mikongwe yote. Nikapanda miche karibu karibu, hatua moja kati ya mmoja na mwenzake, na kila mche nikaukata kichwa usawa wa goti. Zamu ya maji ya mfereji ninayo, kiu haitaiua. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Kijiji kizima kikacheka. Siku moja narudi kutoka mazishi ya jirani, namkuta Laureano shambani, ameshika sepetu, kwenye mstari wa kwanza anang'oa mche mmoja, anaruka mmoja.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Nakuokoa. Mlozi unataka hatua nane. Hii itanyang'anyana maji mpaka ife yote. Na huku si kukata, ni kuchinja."

"Toka."

"Herminia, hapa pana jasho la ndugu yangu."

"Na langu je? Miaka yote nimeinama kuokota mnazoangusha nyinyi, hilo halikuwa jasho? Toka kabla sijakutwanga na hiyo sepetu!"

Akatoka. Nikailoweka mizizi, nikairudisha miche ardhini mmoja mmoja huku nalia kwa hasira, wala sioni aibu kusema. Mingine ilikufa, nikanunua mingine. Kila mwaka nikawa nafyeka vilele, mti usinipite mkono.

Mwaka wa tatu ikazaa. Asubuhi ya mavuno Laureano akaja na fimbo begani, maana tangu tumzike Eusebio yeye ndiye alikuwa akiamuru nani asimame wapi. Akafika kwenye mstari, akaduwaa. Lozi zilikuwa zimejaa kuanzia magotini mpaka kidevuni kwangu, maganda yamepasuka, na mimi tayari nimejaza kikapu kwa mkono wangu mzima. Akatazama juu. Huko juu hapakuwa na kitu cha kupiga.

"Sasa mimi nifanye nini?"

Nakwambia, moyo ulinichezea ngoma!

"Weka fimbo chini, uchukue kikapu. Au rudi kwako, barabara unaijua. Lakini habari ya kulishika shamba usinitajie tena. Lina mwenyewe, na unamwona."

Uso ulimwiva. Nilidhani ataondoka. Kisha akailaza fimbo ukingoni, akaokota kikapu.

"Nianzie wapi?"

"Kule mwisho. Na uiname vizuri, shemeji. Za chini usiziache."