Maji Chini ya Miguu ya Shangazi

Gari la shangazi yangu lilikuwa na maji. Simaanishi maji ya rejeta, hayo kila gari linayo. Namaanisha maji ya kutosha kuoshea miguu, yamejikalia sakafuni kama wenye nyumba. Nikikanyaga breki, chwaa, yanakuja mbele kunisalimu vifundoni. Nikiondoka, chwaa, yanarudi nyuma kwa abiria. Asubuhi baada ya mvua, jua likiingia ubavuni, mwanga uligonga yale maji ukarukia darini, na dari yote ikajaa nyuzi za dhahabu zinazocheza. Wenzetu hununua gari wakapata redio. Sisi tulipata bwawa.

Shangazi alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. "Ni gari zuri sana," mwalimu alisema huku akilipapasa boneti, "halijawahi kunisumbua. Ila tu msilinyeshee." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba mvua ni kitu mtu anachagua dukani.

Kazi ya Shangazi ni mapazia. Anapima dirisha, anakata, anashona, kisha anakwenda kuyatundika mwenyewe. Anayaacha yaning'inie mpaka kitambaa kijinyooshe kwa uzito wake, ndipo anapiga magoti na kumalizia pindo palepale, kwa mkono, likaribie sakafu bila kuigusa. Pindo ndilo lililompa jina mjini. Kuendesha gari hajui na hataki kujua. Anasema macho yake ni ya sindano, si ya barabara. Basi mimi, niliyemaliza sekondari na kungoja matokeo huku nikila chakula chake, nikawa dereva.

Mafundi walijitahidi. Wa kwanza alibadilisha mpira wa kioo cha mbele. Mvua ikanyesha, bwawa likarudi. Wa pili alipaka gundi nyeusi kwenye kila ufa aliouona na nyufa nyingine alizoziota, bwawa likarudi. Wa tatu alitoboa tundu sakafuni ili maji yatoke. Tulipopita kwenye dimbwi barabarani, maji ya nje yakaingia kwa tundu hilohilo, kwa furaha kubwa. Tukaliziba, tukaacha kuita mafundi.

Na tulikuwa na sababu ya kuacha. Tangu binti yake wa mwisho aolewe, Shangazi alikuwa halali. Nyumba ilipoa, tukabaki wawili, na mimi nikilala ni gunia la mchele. Hata nikiibwa nitajua kesho. Yeye alikesha akitazama dari. Asubuhi uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Mpaka mteja mmoja akarudisha pazia ambalo upande mmoja ulikuwa umevaa suruali fupi. Shangazi alilikunja polepole, akalikalia kama mto.

"Nikikosea pindo jingine," akasema, "nafunga cherehani. Siwezi kuzeeka naitwa Mama Upogo."

Lakini garini alilala. Sijui ilianzaje. Siku moja tulipinda kona ya kwanza, maji yakasema chwaa, nikamwona kichwa kimeanguka kwenye mkanda, mdomo wazi, viatu mapajani, nyayo zake zimo majini kama za mtoto anayecheza mtoni. Nilipunguza mwendo. Maduka yakapita taratibu kama yanavutwa kwa kamba, na mwanga wa darini ulimtembelea usoni na kuondoka, ukarudi, ukaondoka. Tangu hapo kila safari nilichagua barabara yenye matuta. Taa nyekundu nilizipenda kama ndugu. Tulipofika kwa mteja alikuwa ameamka, uso umenyooka, mkono imara, na pindo likaenda mstari mmoja kama limechorwa kwa rula.

Basi nani amwite fundi?

Kitambaa ndicho kilichomwita. Shangazi alipata kazi ya ukumbi wa chuo, madirisha marefu kuliko nyumba yetu, kitambaa cha rangi ya maziwa. Tulikilaza kiti cha nyuma, tukaamini tumemaliza. Ncha moja ikateleza, ikagusa bwawa, na kitambaa kikaanza kunywa. Kilikunywa safari nzima, kimyakimya. Tulipofungua mlango, ule weupe ulikuwa umepandwa na doa la kahawia lenye visiwa na ghuba, kama ramani ya nchi ambamo hakuna anayetaka kuishi.

Shangazi alifuata ukingo wa doa kwa kidole. "Nitanunua kingine," akasema. "Gari lipeleke kwa fundi. Leo."

Nilimpelekea fundi tunayemwita Kikohozi, kwa sababu hukohoa kabla ya kusema jambo baya. Hakufungua kitu. Alichukua mpira wa bustani, akamwaga maji juu ya paa, pale kwenye kidirisha cha kioo kinachofunguka, halafu akaingia ndani na kulala chali chini ya dashibodi, miguu nje kama mtu aliyemezwa nusu.

Akakohoa.

"Ni mbaya?" nikauliza.

"Ni la kuzaliwa nalo. Njoo uone. Maji ya paa yana mipira yake myembamba ya kuyashusha chini, inapita humu kwenye nguzo ya mlango. Huu wa kushoto walipoukata kiwandani wameukata mfupi. Jua likipiga unasinyaa, unachomoka. Ukiurudisha utakaa wiki, utachomoka tena."

"Kwa hiyo si sisi?"

"Si nyinyi, wala si mwalimu wenu. Ndugu zake wote wa toleo hili nimewaona, wote wanakojoa kitandani."

"Na dawa yake?"

"Mpira mrefu na kibanio. Nusu saa. Wewe mbona umenuna? Watu wakisikia nusu saa hunikumbatia."

Sikununa. Nilikuwa nayatazama yale maji yakichotwa kwa kopo, kopo baada ya kopo, na kila kopo naona ni usingizi wa mtu unamwagwa kwenye mchanga wa gereji.

Gari lilipona. Mvua ilinyesha, zulia likabaki kavu kama mkate wa kuchoma. Shangazi aliketi, akavua viatu kwa mazoea, akavivaa tena. Tulizunguka mjini. Matuta yote yalikuwepo, taa nyekundu zote zilikuwepo. Yeye alikaa macho, wima, kama polisi kwenye gwaride.

"Funga macho basi, Shangazi."

"Nimeyafunga, yanafunguka yenyewe."

Nikajaribu ujanja. Niliweka dumu la maji nusu nyuma ya kiti chake. Tukapinda kona, dumu likafanya glubu, glubu, glubu.

"Nani huyo anasukutua?" Shangazi akauliza.

"Ni dumu, Shangazi. Nilidhani litasaidia."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akaegemea kioo. "We mtoto, si maji. Zamani dirisha letu lilitazama uani. Mama alikuwa anafua kabla hakujapambazuka. Nilikuwa nikisikia maji kwenye beseni, najua kuna mtu yuko macho, dunia ina mwenyewe. Nalala. Sasa nyumbani kukiwa kimya, naona kama zamu ya kukesha ni yangu."

Nilibadilisha gia. Nikaendesha tu.

Siku ya ukumbi ikafika. Mapazia mapya yalikuwa yametundikwa tangu juzi, yamekwishajinyoosha, yanangoja pindo. Shangazi aliingia garini na macho mekundu, boksi la sindano limebanwa kifuani. Hakuwa amelala hata lepe. Alijaribu kutunga uzi tukiwa bado uani. Uzi ukapita kulia, ukapita kushoto, akaurudisha kwenye boksi. Na mimi nilijua anachokiwaza: kwamba leo ndiyo leo ya kufunga cherehani.

Tukatoka. Sheria ya gari letu ilikuwa kimya, ili asiamke. Lakini hapakuwa na mtu wa kuamshwa. Basi nikafungua mdomo, nikaanza kusema chochote, kwa sauti ya chini, ya mtu anayefanya kazi yake.

"Pale ni duka la viatu. Mwenye duka anafagia. Ameona ganda la chungwa, analisukuma kwa jirani. Jirani amemwona. Jirani analirudisha. Sasa tunapita benki, mlinzi anapiga miayo, meno yote yapo. Taa nyekundu. Na hapa mbele yetu, Shangazi, kuna mbuzi anaendesha pikapu."

"Mbuzi gani?" akanong'ona.

"Mbuzi tu. Leseni anayo, nimeiona, picha kapigwa kwa upande. Amebeba magodoro. Anayapeleka kwa watu waliosahau namna ya kulala. Anapiga honi kwa pembe. Sasa anapinda kulia, nasi tunapinda kulia..."

Kichwa cha Shangazi kikaanguka kwenye mkanda.

Nikanyamaza nishangilie. Jicho moja likafunguka. "Anapinda kulia," nikadakia haraka, "barabara ya mbuzi ina majani katikati, ndiyo maana anachelewa, kila hatua anashuka kuonja." Jicho likafumba.

Ndivyo tulivyokwenda. Nilipita langoni mwa chuo nikaendelea. Nikazunguka. Miti ikaja na kuondoka, vivuli vyake vikipanda boneti, vikiteleza juu ya uso wake, na mbuzi wangu akapita mji ambao nyumba zake zilivaa mapazia nje badala ya ndani, na kila upepo ulipovuma mji mzima ulivua na kuvaa. Sauti ilianza kukwaruza. Hatimaye niliegesha kivulini mbele ya ukumbi, nikazima injini, nikaendelea kusema.

Meneja wa ukumbi akatoka na saa yake mkononi. Alikuja kwa hasira, kidole juu, tayari kugonga kioo. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha Shangazi kwa kidevu, na bila kukata neno nikamwingiza: "Sasa mbuzi amefika kwenye geti. Mbele yake amesimama bwana mmoja mwenye tai ya bluu, anataka kumuuliza kwa nini amechelewa, lakini ni mtu muungwana, hasemi kitu."

Meneja akaishika tai yake. Kisha akaegemea mlango, akasikiliza.

Shangazi aliamka mwenyewe, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia. Alitazama ukumbi, akatazama mikono yake, akachomoa uzi. Ukaingia kwenye tundu mara moja. Alishuka, akaingia ndani, akapiga magoti chini ya dirisha la kwanza. Jioni ilipokaribia, meneja alilala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye vigae, kukagua. Mapazia yote, kutoka ukuta huu hadi ule, yaliishia unywele mmoja juu ya sakafu. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye pua na hana kasoro ya kutaja.

Tulipopakia ngazi, akatufuata mpaka garini, akainama dirishani kwangu, akaangalia kwanza kama hakuna mtu wa chuo karibu.

"Samahani, dereva," akasema. "Yale magodoro. Aliyafikisha?"

Nilifungua mdomo, pakatoka upepo mtupu. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Shangazi akafunga mkanda, akajibu kwa niaba yangu.

"Yote," akasema. "Ila moja alibaki nalo. Na yeye alikuwa amechoka."