Jogoo wa Mjomba Kasonia

Delphin alijifunza kuchekesha kwa njia moja tu: kupigwa. Alimcheka mwalimu, akala fimbo. Alimcheka katekista wa Vulamba, akanyimwa komunyo ya kwanza mwaka mzima. Alimcheka muuza ng'ombe mmoja wa Butembo, na kovu la utani ule bado limejikunja juu ya jicho lake kama funza aliyelala. Basi kila Jumapili baada ya misa ya pili, alipopanda jukwaani kwenye micro wazi ya Butembo, maikrofoni ya watu wote, pale ambapo yeyote mwenye mdomo hupewa dakika kumi, alijua kila neno linauma kiasi gani. Alidhani anajua.

Mwezi wa tatu, watu wa mapanga walimkuta mjomba wake Kasonia ndani ya shamba lake la kakao, upande wa Oicha. Siku ile waliuawa tisa.

Sasa, katika ukoo wao mjomba hazikwi kwa machozi peke yake. Mwipwa, yaani mtoto wa dada yake, huja na mdomo mchafu. Humtukana marehemu mbele ya jeneza, huwaeleza waombolezaji ubahili wake na mikoromo yake, mpaka mjane ashike mwiko na kumfukuza uani. Naye mwipwa, akikimbia, huondoka na jogoo wa marehemu. Jogoo huyo hapewi mtu, huibwa. Bila hayo marehemu amezikwa nusu, na nusu iliyobaki mjane huibeba mabegani.

Delphin hakufika. Siku ya mazishi risasi zilikata njia pale Kalunguta, akalala kifudifudi siku mbili ndani ya mihogo ya watu. Alipoinuka, mjomba alikuwa ameshafukiwa.

Mjane, Mama Godelive, alikimbilia Beni. Mwanamke yule, ambaye zamani kicheko chake kilivuka kilima na kurudi na mwangwi, hakuwa amelia wala kucheka tangu siku ile. Delphin alimwendea mara mbili. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili ulifunguliwa kidogo, wa kutosha sentensi moja kupita.

"Mwipwa mwenye hakukuya kutukana, asikuye kusalimia."

Ikabaki njia moja. Mama Godelive alikaanga beignets, maandazi ya mviringo, kwenye kizingiti cha bar moja ya Beni, na ndani ya bar hiyo Tamar, binti mwenye sauti ya tarumbeta, aliendesha micro wazi kila Jumamosi saa tisa mchana. Jogoo wa Kasonia, chongo wa jicho la kushoto, alikuwa amefungwa kamba kwenye mguu wa meza ya beignets. Siku ya kukimbia, mama aliacha godoro akabeba jogoo. Alikuwa anangoja nini kama si mwizi wake?

"Tamar, yaya, uniweke kwa liste," Delphin alimsihi Jumamosi moja, akimwita dada, aandike jina lake.

"Utasema nini?"

"Nitatukana maiti."

Tamar alimtazama. "Delphin, mu salle hii kila kiti iko na maiti yake."

"Na mimi niko na yangu."

"Na basoda beko mbele pale."

"Mais bacheke na bo pia!"

Basoda hao, askari wa jeshi, walikuwa watatu, meza ya kwanza, bunduki zimeegemea viti. Katikati alikaa mkubwa wao, adjudant Gustave, mtu wa mbali kule Kananga, shingo nene kama gogo. Hakucheka tangu alipoingia.

Delphin alishika micro. Hakutazama watu, alitazama mgongo wa Mama Godelive pale mlangoni.

"Bandeko, ndugu zangu, mujomba wangu Kasonia alikuwa bahili. Akitaka kusali, anazima kwanza koroboi. Sababu Mungu anaonaka mu giza!"

Watu wakacheka. Kizingitini, mwiko ukasimama ndani ya mafuta.

"Akikupa mugongo ya kuku, anakuambia: kula pole pole, na mifupa utarudisha. Donc, batu ba mapanga banafika mu kakao yake. Batu bane. Mapanga inawaka. Mujomba anabaangalia, anasema: karibuni! Vile muko na mapanga, muanzie kwa mustari ule wa magugu."

Kicheko kikafa kama moto uliomwagiwa maji. Mahali fulani kiti kiliburuzwa.

Chupa ya kwanza ilitoka nyuma, ikapasukia ukutani. Ya pili haikukosea. Ilimpata juu ya kovu la zamani, na damu ikamteremkia jichoni.

"Unacheka batu benye balikatwa?" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Kaka yangu alikuwa mule! Shuka, mbwa weye!"

Mtu mwenye akili angeshuka. Lakini mgongo wa Mama Godelive haukuwa umegeuka, na utani wa mwipwa ukikatwa katikati ni matusi matupu. Delphin alifuta jicho kwa kiganja.

"Jeshi yetu ilifika saa kumi. Nzi zilifika saa tatu, na nzi hazina motoka. Askari moja akainama juu ya mujomba, anamuuliza: carte d'électeur, ile kadi ya kura, iko wapi?"

Gustave alisimama. Hakukimbia. Alipanda jukwaani kama mtu anayepanda kwake, akampiga ngumi ya mdomo, na micro ikiwa papo hapo mdomoni, spika zikawapa watu wote sauti ya meno yanayovunjika, kama karanga. Ngumi ya pili ilimkunja tumbo. Delphin akaanguka, micro mkononi.

"Chef," akasema, akitema damu, "ungepigaka hivi kule Oicha, mujomba angekuwa muzima."

Hapo Gustave aliomba bunduki yake kwa mkono tu, na mwenzake akamtupia. Kitako kilishuka mbavuni. Kilishuka tena. Tamar alirukia jukwaani, askari wa pili akamsukuma juu ya meza, glasi zikamwagika chini. Watu wakabanana ukutani.

"Kanga monoko! Funga kinywa, petit!" Sauti ya Gustave ilikuwa imeanza kupasuka. "Mimi njo nilimubeba! Mimi! Niliokota kichwa yake mu majani, nikaitia mu mufuko ya kakao, kwa mikono hii! Natembea, natapika! Nani aliomba carte? Eh? Nani?"

Kila neno lilikuja na buti lake, na micro ikapeleka yote mpaka barabarani: buti, neno, buti, neno.

Ndipo Mama Godelive alipojua mumewe alivyokufa. Jeneza lilikuwa limepigwa misumari kabla hajafika; walimwambia tu, mama, usifungue.

Aliingia. Mwiko wake mrefu ulidondosha mafuta ya moto sakafuni, na watu wakampisha. Alisimama mbele ya Gustave, kichwa chake kikifika kifuani pa askari.

"Ni weye njo ulimuleta?"

Gustave alihema. "Ni mimi, mama."

"Ilikuwa na kofia?"

"Mama?"

"Kichwa. Ilikuwa na kofia yake?"

"Ilikuwa nayo, mama. Kofia ya buluu."

"Wasingya," akasema Mama Godelive, akimshukuru kwa Kinande.

Kisha akamgeukia Delphin, akainua mwiko, akamshushia shingoni. Mafuta yakachoma. Delphin akapiga yowe.

"Bongo, uongo mutupu! Mume wangu hakukuwa bahili vile!" Mwiko ukashuka tena. "Alikuwa bahili kupita vile! Ile kofia alivaa miaka kumi na tisa! Nilimuambia, tununue ingine, anakataa! Hata panga... hata panga haikumuvua kofia!"

Kinywa chake kilibaki wazi. Kikatoka kitu ambacho mwanzoni hakuna aliyekijua: sauti yenye kutu, inayokwama na kuanza upya.

"Toka!" alifoka katikati ya sauti hiyo. "Toka kwangu, mwizi weye!"

Delphin alikuwa akiingoja amri hiyo tangu mwezi wa tatu. Alitambaa, akaanguka, akatambaa, mwiko ukimfuata matakoni. Mlangoni alimshika jogoo miguu na kuing'oa kamba pamoja na mguu wa meza; beignets zikamwagika.

"Anaiba kuku ya mujane!" Gustave alinguruma. Kwao Kananga hawajui mambo haya. Aliruka, akamkamata Delphin ukosi, akainua kitako cha bunduki usawa wa kisogo.

Mwiko wa mama ulimpata Gustave kwenye kifundo cha mkono. Bunduki ikaanguka.

"Muache aibe!" Mama Godelive alisema. "Weye ulifanya kazi yako. Muache afanye yake."

Gustave akabaki ameshika mkono wake uliochomwa, akimtazama mwanamke yule akicheka na machozi yakimtiririka, na polepole, bila kuelewa, akakaa chini sakafuni katikati ya beignets.

Ng'ambo ya barabara Delphin alijitupa kwenye ukingo wa mfereji. Mbavu zilikataa pumzi. Alitema meno mawili kiganjani. Micro ilikuwa imebaki wazi kule jukwaani, na spika zilimletea sauti ya mama, mara kicheko, mara kilio, ikipanda.

Jogoo alimtazama kwa jicho lake moja, akalenga, akamdonoa kwenye jeraha la juu ya jicho.