Volani ya Kushoto

"Ile haiko motokari, Mama Sylvie! Ile iko nyumba ya panya, tena panya wenyewe walishahama!"

"Na yako, Papa Davy? Tumbo iko chini sana, ikipita juu ya nyanya inaacha supu!"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele uani kwa Mama Sylvie waliangua kicheko hadi nyungo zikainama. Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya arusi ya Sylvie, binti yake, na ugomvi ulikuwa umeanza tangu saa mbili asubuhi juu ya ukuta mfupi wa matofali unaotenganisha viwanja viwili pale mtaa wa Lumumba. Lakini tukisema kweli, ulikuwa umeanza miezi minane nyuma, siku ile Fulgence, huyo Papa Davy, alipoingia kutoka Kampala na Selika yake nyekundu, akapiga klaksoni mtaa mzima, hata mbwa waliolala wakaamka kusalimia.

Toyota Celica ni gari la watu wenye haraka na wasio na mzigo. Hapa Bunia, Kongo, watu huliita Selika, kama jina la msichana. Unaweza kukaa mji huu tangu ubatizo mpaka mazishi usione hata moja, na Mungu, kwa mchezo wake, aliyaweka mawili ukuta kwa ukuta. La Fulgence lilikuwa la mwaka 2002, kizazi cha mwisho: pua kali, macho ya paka. La Pétronille, ndiye Mama Sylvie mwenyewe, lilikuwa la mwaka 1974, kizazi cha kwanza kabisa: rangi ya haradali, taa nne za mviringo, midomo ya chuma inayong'aa. Bibi na mjukuu, walisema watu, na kila mtu alikuwa na upande wake.

"Yangu iko na gia sita," Fulgence alisema, akihesabu kwa vidole ili wanawake waone. "Yako ine. Yangu iko na hewa ya baridi. Yako unazungusha dirisha kama unasaga muhogo. Yangu kompyuta inapima mafuta tone kwa tone. Yako ile karburateri inakunywa kama mujomba kwenye matanga!"

"Na kompyuta ikigonjwa unapeleka kwa nani? Kampala!" Pétronille aliweka ungo chini, maneno mengine hayasemwi mikono ikiwa na kazi. "Yangu ikikohoa nafungua kapo ya injini, naona ugonjwa na macho yangu. Yako ukifungua kapo unaona kifuniko juu ya kifuniko. Motokari gani inavaa chupi?"

"Aaah, mama!"

"Tena yangu inasukumwa na matairi ya nyuma. Yako inavutwa na ya mbele, kama mbuzi anaenda soko."

Hapo hata Mireille, mke wa Fulgence, alicheka, naye alikuwa na sababu zake. Kila asubuhi bwana wake akiwasha gari, sauti laini ya mwanamke ilitoka ndani ikisema maneno ya Kijapani. Hakuna aliyejua maana yake. Fulgence aliapa kwamba anasema "Bonjour, patron", yaani habari za asubuhi, bosi. Mireille aliuliza mara moja tu: "Miaka kumi na tisa miye sijakuita patron. Sasa huyu ni nani?" Na siku ile bwana alikunywa chai bila sukari.

Fulgence, alipoona amezidiwa, alitupa jiwe lake la mwisho.

"Kuwaka inawaka, sikatai. Kila Jumatano nasikia unaiwasha, trrr, trrr. Lakini kutembea? Kupanda mlima wa Mudzi-Pela mpaka kanisa? Komite ilishakata neno, mama. Bibi-arusi atapanda yangu."

Pétronille aliokota ungo wake. Akarudi kupepeta mchele.

Neno hilo la komite ndilo lililomchoma. Marehemu Hubert, bwana wake, alikuwa fundi, na gari lile alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyekuwa anaondoka kwa haraka. Kwenye gari lile alimfundisha Pétronille kuendesha, wakati wanawake wenzake walisema mwanamuke akishika volani, huo usukani, maziwa yanakauka. Mwaka ule wa vita, 2003, wenye bunduki walipokuwa wakibeba kila kitu chenye matairi, Hubert alitoa delko, kile chombo kinachogawa moto kwa mitungi ya injini, akakizika ndani ya gunia la maharagi. Walikuja mara tatu. Walisukuma, walitukana, walipiga teke, wakaliacha. Na usiku na mchana, alipokuwa akiugua miaka sita nyuma, Hubert alirudia neno moja: "Sylvie atashuka mbele ya kanisa kutoka mu motokari ya baba yake." Akafa kabla mchumba hajapiga hodi.

Pétronille hakuomba kingine. Alikuwa amebadilisha matairi, amejaza mafuta ya breki. Kisha komite ya arusi ilikaa, watu kumi na mmoja na kreti mbili za sukari, yaani soda, wakapiga kura. Sylvie alikuwa amekaa pale pale. "Mama, batu watacheka," alisema polepole, akitazama kucha zake. Mama yake akasema sawa. Hakuna neno zito kama "sawa" ya mama.

Jumamosi mvua ilipiga tangu alfajiri, ikakatika saa mbili. Misa ilikuwa saa nne. Magari manne ya komite yalijipanga mbele ya lango, Selika nyekundu mbele kabisa, imefungwa utepe mweupe kama zawadi. Sylvie akatoka na shela lake, mtaa ukapiga vigelegele, na Pétronille mwenyewe alipiga, maana alikuwa mrembo huyo mtoto, usiseme.

Ndipo Baba Mukubwa Alexis, kaka wa marehemu, aliyeteremka kutoka Mahagi ili amsindikize binti mahali pa baba, alizunguka gari, akafungua mlango wa kuume, akaingia, akaketi nyuma ya volani, akalaza fimbo yake juu ya magoti.

Fulgence alicheka kwa adabu. "Muzee, hapo ndio kwa shofa. Volani iko hapo."

"Naona volani. Niko muzee, siko kipofu."

"Basi muzee apite ule upande mwingine."

"Kushoto?" Alexis alimtazama kama mtu aliyeambiwa avae sketi. "Sikia, mutoto. Mu ukoo wetu, baba anapeleka binti kwa misa akikaa mbele, kuume. Baba yangu alipeleka dada zangu mu kamyo ya kubeba pamba, kuume. Miye nilipeleka wangu watatu, kuume. Kushoto anakaa shofa. Miye niko shofa?"

"Hapana, muzee, lakini..."

"Basi endesha kutoka kule kushoto."

Fulgence alikuna kichwa. Aliinama dirishani, akazungusha ufunguo, labda hewa ya baridi ingemlainisha mzee. Badala yake ile sauti ya mwanamke ikaamka na Kijapani chake, taratibu, kwa heshima zote.

"Huyu mama anasema nini?" Alexis aliuliza.

Fulgence akajisahau. "Anasema... bonjour, patron."

"Umesikia? Hata yeye anajua patron anakaa hapa."

Mtaa ulilia kwa kicheko. Mireille alishika ukuta asianguke. Lakini Claude, prezida wa komite, hakucheka. Alikimbia kwenye gari la pili, akachungulia: volani kuume. La tatu: kuume. La nne: kuume. Wale wote kumi na mmoja walikuwa wamepima kila kitu, rangi ya utepe, idadi ya vikombe, na hawakukumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Bunia anajua: magari yetu yanatoka Uganda, na kule shofa anakaa kuume. Walijaribu kumbembeleza mzee. Walimletea soda, akaipokea, akainywa, hakushuka. Saa ikawa tatu na nusu.

Sylvie alinyanyua shela usoni.

"Mama," alisema, "ile ya baba, volani iko wapi?"

Alijua vizuri sana. Alikuwa amekua akisinzia kwenye kiti chake cha nyuma. Lakini aliuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani wa tatu.

"Kushoto, binti yangu," Pétronille alijibu.

"Basi miye napanda ya baba."

Pétronille hakungoja kura. Alivua viatu vyake vya kisigino, akampa Mireille ashike, akajifunga upya kitambaa chake kipya cha arusi, akaenda nyuma ya nyumba akavuta turubai. Bibi wa haradali akatoa macho yake manne. Baba Mukubwa Alexis, aliyekuwa hashuki hata kwa soda, alishuka peke yake, akafuata, akafungua mlango wa kuume, akakaa, akaguna kwa raha. Nyuma waliingia Sylvie na mita zote za shela, pamoja na Tantine Angèle, dada wa Pétronille, ambaye kilo zake anazijua Muumba. Gari likashuka kwa nyuma kama kuku anayetaka kutaga.

Ufunguo. Injini ilikohoa, ikanyamaza.

"Mama Sylvie, usijitese," Fulgence alisema, na safari hii hakuwa akidhihaki.

Mara ya pili. Kikohozi, moshi, kimya. Mtu mmoja nyuma akasema Yesu na Maria. Pétronille alivuta kile kidude cha kubana hewa, akakanyaga mafuta mara mbili tu, si tatu, kama alivyofundishwa, akazungusha.

Likanguruma. Si ile trrr ya Jumatano. Lilinguruma kama padri aliyekatizwa mahubiri, na kuku wote wakapanda ukuta.

Mpaka darajani ilikuwa tambarare, watu wakikimbia kando na kupiga sahani. Kisha mlima wa Mudzi-Pela ukasimama mbele, mwekundu, laini kama sabuni. Pikipiki mbili zilikuwa zimelala pembeni. Pétronille aliingiza gia ya kwanza. Miguu ilikuwa peku, ilimsikia Hubert kupitia chuma: usimukimbize, musikilize. Matairi ya nyuma yaliteleza kidogo, mkia ukaenda kuume, Sylvie akapiga kelele. Pétronille hakuachia. Kilo za Tantine Angèle zilikuwa pale pale zinapotakiwa, zimekalia matairi, zimeyazamisha mpaka kwenye udongo mgumu, na gari likaanza kusukuma, kusukuma, polepole, bila aibu.

"Tantine, usisogee!" Pétronille alipaza.

"Hata nikitaka, nasogea wapi?"

Kwenye kioo Pétronille aliona ile nyekundu nyuma. Fulgence alikuja vizuri, mwendo wa kijana, kisha mlima ukaegemeza uzito wote mkiani, na matairi ya mbele, yale ya kuvuta, yakabaki yanarusha matope hewani. Gia zote sita zilikuwepo. Hazikuwa na mahali pa kukanyaga. Wanakwaya waliokuwa wakipanda kwa miguu walikunja suruali, wakaanza kumsukuma.

"Ile ya mupya imekwama?" Alexis aliuliza, bila kugeuka.

"Itafika, muzee. Iko tu inasalimia batu."

Na walipotokea juu, kengele ilikuwa imeanza. Watu wa upande wa bwana-arusi, waliokuwa wamejikusanya ngazini kwa wasiwasi, waliona kwanza midomo inayong'aa, kisha taa nne, kisha mama mwenyewe kwenye volani. Kicheko alichokiogopa Sylvie hakikutoka. Wazee wawili walivua kofia. Mmoja akasema, "Ile si ya Hubert?" Neno likapita kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, ya Hubert, ya Hubert, likageuka vigelegele, vigelegele vikageuka ngoma. Sylvie alishuka. Kabla ya kumpa Alexis mkono, alilaza kiganja juu ya kapo ya moto, kidogo tu, kama mtu anayepokea baraka. Pétronille alibaki ndani dakika nzima, akijifanya anatafuta breki ya mkono. Acha alie, mwacheni. Alikuwa ameshinda.

Saa nane uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Chini ya turubai watu walikula, walicheza, walisimulia mlima kwa mara ya ishirini, na kila mara matope yaliongezeka kimo. Claude alikuwa akieleza kwamba tangu mwanzo komite ilikuwa na wazo hilo. Pétronille alizunguka na sufuria, akihesabu nyuso kama mwenye nyumba anavyofanya, akaona moja imekosekana.

Alimkuta Fulgence nje ya lango, peke yake, matope mpaka magotini, ameinama juu ya injini ya haradali. Kapo ilikuwa wazi.

"Karburateri mbili," alisema bila kuinua kichwa. "Mbili! Mama Sylvie, hukuniambia iko na mbili."

"Hukuuliza. Ulikuwa unahesabu gia."

"Na kila kitu kinaonekana." Aligusa waya mmoja kwa ncha ya kidole. "Ile yangu kwenye barabara kubwa ingekuacha mbali, lazima ukubali."

"Nakubali. Ikijengwa barabara, utaniacha mbali."

Fulgence alicheka, kisha akajifuta uso, akajipaka matope zaidi. "Batu watanicheka mpaka Noeli."

"Watacheka mpaka Pasaka. Kwani siye tuliacha kukucheka lini?" Alishusha kapo polepole, kwa mikono miwili, akamshika jirani yake mkono. "Nawa pale kwenye pipa. Kuna samaki ya Tchomia, kuna sombe ya muhogo, na Mireille amekulindia kiti karibu ya Baba Mukubwa, upande wa kushoto. Ingia, Papa Davy. Ingia tukule."