Mwanzi wa Futi Kumi na Nne

Mwanzi ulikuwa wa futi kumi na nne na niliukata mwenyewe. Nasema mapema, maana watu wa kwetu wanapendaga kusema Makongoro alipewa mwanzi mrefu na wakubwa. Sikupewa. Nilipewa karatasi, na karatasi ilisema transfoma ina upana wa futi kumi na nne, nami nikakata mwanzi ulingane na karatasi. Kosa la mkono wangu ni hilo tu. Jingine lilikuwa la mdomo.

Mwaka ulikuwa sabini na tano. Kinu cha kuchambulia pamba kule Bunda kilikuwa kinaletewa transfoma yake. Madaraja ya upande wa Mwanza hayakuweza uzito wake, kwa hiyo ingekuja kwa meli hadi bandari ya Musoma, ipandishwe kwenye trela la matairi ishirini na nne, kisha ishuke Bunda kwa barabara ya changarawe. Mimi nilikuwa mpimaji wa njia. Siku kadhaa kabla ya mzigo nilitembea kwa miguu kutoka Musoma hadi Bunda, mwanzi nimeulaza mabegani kwa upana. Ukigusa mti, mti unakatwa. Ukigusa nyumba, naipiga alama ya chokaa.

"Usianze kuniletea huruma," Bernado aliniambia. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. "Mwanzi ukigusa, nyumba iende. Sisi si vinyozi wa mapaa."

Basi nikatembea. Baada ya njia panda ya Butiama, kabla hujafika Bunda, kuna kona ina mwamba upande mmoja. Trela haliwezi kuusogelea mwamba ule. Upande wa pili zilikuwepo nyumba mbili, moja ya Clementi na moja ya mama yangu.

Mama hakujichagulia pale. Mwaka uliotangulia Operesheni Vijiji iliwashusha watu wote kutoka mlimani, wakaambiwa wajenge kandokando ya barabara, kwa mstari. Kaburi la baba likabaki juu huko, na mji wetu wa zamani ukalimwa ukawa shamba la pamba la kijiji. Mama alijenga upya kwa udongo na nyasi, mimi nikimpa siku za Jumapili. Alipomaliza kukandika alisimama mlangoni, mikono ina tope hadi viwikoni, akasema kwa lugha yetu, maana Kiswahili alikuwa hakipendi, "Hii ni ya kufia. Sihami tena."

Mwanzi ulianza kwa Clementi, ukagonga ukuta. Nikapiga chokaa. Clementi alikuwa mtu wa hasira, haachi rungu lake hata akienda chooni. Alinifuata tu nyuma, mikono ameifumbata. Nikafika kwa mama. Mwanzi ukaingia kwenye nyasi za upenu wake, shibiri moja. Shibiri moja tu, jamani. Ningeinamisha bega kidogo, yangekwisha.

"Haya," Clementi akasema. "Tuone kama mwanzi unajua mama wa mtu."

Nikapiga chokaa.

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Akaweka ungo chini, akaja kutazama ukuta wake. "Baba, umeniandika nini?" Ananiitaga baba kwa sababu nina jina la baba yake.

"Kuna mzigo utapita, mama. Mkubwa sana."

"Mkubwa kuliko nyumba?"

"Kuliko nyumba. Ukishapita nitakujengea pale pale."

Akaingia ndani, akaanza kutoa vyungu. Hakulia wala hakunilaani. Kesho yake nilishusha nyasi za paa kwa mikono yangu, nikang'oa nguzo, na kusema kweli sikusikia kitu. Unajua mguu ukiukalia mpaka ukafa ganzi? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Mwenyekiti wa kijiji alisema viwanja vya kwenye mstari vimekwisha, wenye nyumba za kona wasubiri, wajenge pale pale mzigo ukishapita. Clementi hakusubiri, akaenda kubanana na kaka yake mwisho wa kijiji, akajenga huko. Boke, mke wa Clementi, mwanamke mwema, akampa mama nafasi jikoni kwake.

Meli ikaja. Nilikuwa pale bandarini winchi iliponyanyua transfoma, nikaona kabla hata haijagusa trela. Nilichukua mwanzi nikauweka. Ulibaki futi mbili na zaidi kila upande.

"Bernado," nikasema, "hii si futi kumi na nne."

"Tisa," akasema, anasoma karatasi nyingine. "Mabawa yake ya kupoozea mafuta yamefunguliwa Mwanza, yanakuja peke yake kwenye makasha. Na sanduku la mbao wamelivua. Ile karatasi yetu ilipima vyote pamoja."

"Na zile nyumba?"

"Nyumba zipi?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amesahau kweli. Shomari ndiye aliyesikia. Alikuwa dereva wetu, mtu wa Musoma mjini, mtu wa swala tano asiyependa maneno mengi. Alinivuta kando.

"Makongoro, panda lori lolote linaloenda Bunda leo. Kawaambie kabla hatujafika. Jambo kama hili liseme likiwa bichi, likilala litanuka."

"Nitawaambia," nikasema. Nikarudi chumbani kwangu Buhare, hapo hapo Musoma, nikalala.

Tulitembea siku mbili. Trela lilienda mwendo wa mtu mzima anayetoka msibani, na mimi mbele yake na mwanzi wangu, maana ndiyo ilikuwa amri, mpimaji atangulie na kipimo chake. Kila aliyetuona aliona mwanzi mrefu na mzigo mfupi nyuma yake. Watu wengine walicheka. Mimi nilitazama changarawe.

Tulifika kwenye kona saa nne asubuhi. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga. Pale palipokuwa na nyumba yalibaki mafiga matatu, na mama alikuwa amekaa juu ya figa moja, amejifunga kanga yake nzuri kama mtu aliyealikwa. Shomari akakata kona taratibu. Kati ya tairi lake na yale mafiga wangepita ng'ombe wawili wamebanana. Nyumba ingesimama, na upenu wake, na ungo wa mama umetundikwa nje.

Mama akanyanyuka. "Baba, ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, mama."

Akaitazama kutoka mbele hadi nyuma. "Mbona ndogo?"

Clementi akasogea na rungu lake. "Eh, Makongoro! Mama anakuuliza. Mbona ndogo?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, karatasi ilikosea, nisameheni. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na Clementi alikuwa anapumua kwa pua.

"Hii ni ndogo," nikasema. "Kubwa iko nyuma, inakuja."

Clementi akatazama barabara tulikotoka. Vumbi lilikuwa linashuka, hakuna kitu. Mama hakutazama barabara. Alinitazama mimi, muda mrefu, mpaka nikahamisha mwanzi bega lingine.

"Sawa," akasema. "Basi tutangoja kubwa."

Shomari alikuwa amesikia yote kutoka dirishani. Akaingiza gia, tukaendelea hadi Bunda.

Msinione mjinga. Miaka ile kusema kitu kinakuja haikuwa ajabu. Bomba la maji lilikuwa linakuja, zahanati inakuja, mabati ya shule yanakuja. Watu walishazoea kungoja. Mimi nikaongeza langu kwenye foleni.

Mwezi wa saba nikaenda na nguzo na nyasi, nimepewa lifti na Shomari. Nilikuwa nimepanga nimjengee kimyakimya, asiulize mtu. Mama alitoka jikoni kwa Boke, macho mekundu kwa moshi. Salamu ikaisha, akauliza, "Kubwa imepita?"

Nikasema, "Bado."

"Basi shusha nguzo zako hapa kwa Boke, zisinyeshewe."

Mchwa walizila. Krismasi nikaenda tena. Kabla sijakaa, "Kubwa imepita?" Bado. Pasaka, vile vile. Nikawa naenda kwa nadra, na kila nikienda ni swali hilo hilo, kwa sauti ile ile ya upole, anakatisha hata habari za watoto. Nilikuwa nakasirika, nasema kweli. Mama gani anauliza neno moja miaka mitatu! Mara moja nilimjibu vibaya, nikamwambia, "Mama, ikipita si utaiona wewe unayekaa hapa?" Akasema, "Nakuuliza wewe mwenye mwanzi." Nikasema bado.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilikuwa naijua kila kokoto.

Sabini na nane, masika, taarifa ikanifikia Musoma kwamba mama amefariki kwa kifua. Nilipofika alikuwa amelazwa jikoni kwa Boke, amefunikwa kanga ile ile. Boke alikuwa analia. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikahesabu masufuria ya Boke, sijui kwa nini.

Nje wazee walikuwa wanabishana kuhusu kaburi. Kwetu mwanamke anazikwaga kando ya nyumba yake. Jiko la mwenzako si nyumba yako. Mlimani palikuwa pamba tupu, hata kaburi la baba lilishalimwa juu.

"Nyumba yake iko wapi?" mzee mmoja akaniuliza.

"Pale kwenye kona."

Wakatazamana. "Pale si njia ya ule mzigo wako mkubwa? Tukimlaza pale, matairi yatampita juu. Tumtafutie kwingine, hata huko nyuma ya ghala la pamba."

Nyuma ya ghala! Watu walikuwa wanatupa mbegu zilizooza huko. Nikamkumbuka amesimama mlangoni na tope hadi viwikoni, akisema hii ni ya kufia. Nikasimama.

"Hakuna mzigo," nikasema.

Wazee wakageukia barabara.

"Hakuna kubwa. Ilikuwa ile ile mliyoiona. Karatasi ilikosea, nikajua tangu bandarini, nikadanganya. Nyumba zile zilivunjwa bure. Ya Clementi na ya mama. Mzikeni pale pale kwake."

Clementi akainuka na rungu lake. Nilitaka anipige. Nilitaka sana, angalau nisikie kitu. Akaliweka rungu chini, akakaa tena, akajifuta uso kwa kiganja.

"Hatimaye," akasema.

"Ulijua?"

"Mama yako aliniambia siku ile ile, vumbi lenu halijatulia. Nilikuwa nakuja kukufuata Bunda nikuvunje miguu. Akanishika mkono. Akasema, mwanangu amedanganya kwa sababu amebanwa, usimwulize wewe, utamfanya adanganye zaidi. Nitamwuliza mimi. Siku atakayonijibu kweli, ndiyo siku atanijengea."

Boke alikuwa mlangoni. "Nilimwambia ajenge tu," akasema. "Vijana wa hapa wangemjengea wiki moja. Akakataa. Akasema akijenga, mtoto hatasema tena, atajificha nyuma ya ile nyumba maisha yake yote."

"Alikuuliza mara ngapi?" Clementi akaniuliza.

Ilikuwa mara tisa.

Tukachukua majembe. Clementi alianza upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, pale penye mafiga. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Sikulia, na mpaka leo sijalia, msiniulize. Tulipofika kiunoni, lori la pamba likatokea upande wa Musoma, limejaa hadi juu, marobota yametokeza pande zote mbili. Wazee wakarudi nyuma kidogo. Dereva akapiga honi ya salamu, akakata kona, akapita bila kupunguza mwendo. Nafasi ilikuwepo tele.