Masikio Mawili kwenye Ala ya Kisu

Kisu chenyewe Ravdna alikikuta chini kabisa ya kasha la baba yake, kimeviringishwa kitambaa cha sufu na kufungwa mafundo yaliyomtoa jasho kuyafungua. Marehemu Jovnna alikuwa hata hajazoeleka kuitwa marehemu. Maisha yake yote alivaa kiunoni kisu kimoja tu, cha mpini wa mti, kilichonolewa mpaka bapa likabaki jembamba kama utambi. Hiki kilikuwa kingine kabisa. Mpini wa pembe, ala ya pembe, michoro imeizunguka kuanzia mdomoni hadi nchani. Ravdna alikitazama na moyo ukamwambia hapa pana jambo. Mtu haufichi uzuri kama huu bure.

Akampelekea binamu yake Áslat, ambaye kazi yake ni kuchonga pembe na kutengeneza visu, na ambaye hakuna kitu cha zamani anachokipita bila kukishika.

"Nataka kujua cha nani na cha lini, basi," Ravdna alisema.

"Basi, anasema. Kama vile umeniuliza bei ya kahawa." Áslat alikinusa, akakikuna kwa ukucha, akakisogeza dirishani. "Uzi huu ni wa kano ya kulungu, si nailoni. Rangi ya michoro ni gome la mti lililotafunwa, si ya dukani. Bapa limefuliwa kwa nyundo. Hiki kilitengenezwa wewe ukiwa unatambaa, dada."

"Na fundi?"

Áslat aligeuza ala, akaweka kidole mahali palipochorwa masikio mawili ya kulungu, sikio na mwenzake, kila moja na mikato yake.

"Soma mwenyewe. Mimi nisije nikaambiwa nimesema."

Ravdna alisoma. Nani kwao, kwa wafugaji wa kulungu wa nchi ya theluji, hajui kusoma sikio? Mtoto hujua alama ya mifugo ya kwao kabla hajajua jina lake la ubatizo. Nyumba ya Jovnna hukata ncha ya sikio la kushoto, na la kulia hutiwa mkato mmoja nyuma. Hapa ncha iliyokatwa ilikuwa ya kulia, na mkato ulikuwa kushoto. Hiyo ilikuwa alama ya Niillas.

Niillas alikuwa jirani yao, na alama za nyumba hizo mbili zilifanana kama kiatu cha kulia na cha kushoto, kiasi kwamba kila kiangazi ndama walipokatwa masikio hapakukosekana maneno. Kisha ukaja ule msimu wa baridi ambao Niillas na Jovnna walipanda mlimani wawili tu kulinda kundi. Dhoruba ikapiga. Jovnna akarudi peke yake. Niillas hakuonekana tena, yeye wala kisu chake. Hakuna aliyemwambia Jovnna neno usoni, ila alipokaribia moto zizini, watu walikumbuka ghafla kwamba kahawa yao imepoa.

"Na hiki kimkato kidogo hapa, chini ya ncha?" Ravdna aliuliza. "Niillas hakuwa nacho."

"Mkono uliteleza. Hata Niillas aliteleza." Áslat alishusha sauti. "Sikiliza. Niachie mimi. Wako watu wa kusini wanaopenda vitu kama hivi na hawajui sikio ni nini. Kitaondoka kimyakimya, na jina la baba yako litabaki mahali lilipo."

"Nitafikiri."

"Fikiri. Lakini usifikirie mbele za watu."

Alipokuwa akikichukua, Ravdna alihisi vidole vya Áslat vinachelewa kuachia. Akaliweka hilo moyoni, akaondoka.

Nyumbani hakukalika. Kila alichokikumbuka juu ya baba yake sasa kilikuwa na upande wa nyuma. Ule ukimya wake. Ile nyama aliyompelekea Elle, binti wa Niillas, kila vuli baada ya kuchinja, mapaja mazuri kabisa. Watoto walifundishwa kwamba huo ni ujirani. Ujirani gani huo wa kila mwaka bila kukosa? Au ndivyo mtu anavyoilipa dhamiri yake? Aliona haya kumwazia hivyo mzee aliyemfundisha kutembea, na bado akaendelea kumwazia. Alimshuku baba, akamshuku Áslat na huruma yake ya ghafla, mwishowe akajishuku mwenyewe, maana sehemu yake moja ilitamani kweli kisu kiende kusini na mambo yaishe.

Hilo ndilo lililomkasirisha. Kama baba yake alimvua maiti kisu, Elle ana haki ya kukipata. Akavaa koti, akatoka.

Elle alikuwa mkubwa kwake kwa kiasi cha kutosha kumwita dada na kumwogopa kidogo. Alimkaribisha bila maswali, akakatia jibini ndani ya vikombe kama ilivyo desturi yao, akamimina kahawa juu yake.

"Uso huo umeupata wapi? Umefiwa tena?"

"Dada Elle, nimekuletea kitu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze baadaye."

Akafunua kitambaa mezani. Elle aliacha kijiko.

"Kimetoka wapi?"

"Kwenye kasha la baba. Chini kabisa. Kina alama ya baba yako." Alikuwa amejiapiza hatalia. "Nisamehe. Sijui alikipataje."

Elle alikivuta kisu kutoka alani, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Hiki hakijawahi kunolewa hata siku moja," alisema. "Tazama na kitanzi cha mkanda, ngozi haina hata kovu. Baba yangu angekwenda mlimani na kisu kipya hivi? Chake kilikuwa kimelika kuliko cha baba yako." Kisha akaigeuza ala. "Nani kakwambia hii ni alama yetu?"

"Áslat. Na mimi nimeona. Ncha ya kulia, mkato wa kushoto."

"Unamsoma kulungu kwa usoni, kama mnunuzi. Baba yangu alichora anavyoona mtu aliyeshika kamba ya kitanzi, akiwa nyuma ya mnyama. Áslat amejifunza kuchonga kwa visu vya baba yangu, anajua hilo vizuri sana. Haya, simama nyuma yake. Soma upya."

Ravdna alisoma upya. Kulia kukawa kushoto. Ncha ya kushoto imekatwa, mkato kulia: nyumba ya Jovnna. Na kile kimkato kidogo chini ya ncha hakikuwa mkono ulioteleza. Kila mtoto huongezewa kimkato chake juu ya alama ya nyumba, na hiki Ravdna alikuwa amekikata mwenyewe kwenye masikio ya ndama tangu alipoweza kushika kisu.

"Ni yangu," alisema polepole. "Hii ni alama yangu."

"Ni yako. Ulimng'ata kidole baba yangu, ndipo akaliona jino lako la kwanza, kabla ya mama yako. Anayeliona jino lazima ampe mtoto ndama, unajua. Mwaka ule barafu ilifunika malisho, ndama hawakuwepo. Akasema nitamchongea kisu kishike nafasi, ndama atakuja kiangazi. Mimi ndiye niliyetafuna gome la kupaka. Hili doa hapa ni kidole changu, na alinigombeza." Elle alicheka kidogo, kisha akaweka kidole juu ya lile doa. "Kiangazi hakikumkuta."

"Kwa nini baba hakunipa?"

"Angekupa vipi? Watu wamwone mwanawe amevaa kazi ya mikono ya Niillas?" Elle alikizungusha kikombe chake. "Na mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka yote nimekunywa kahawa kwenu jicho langu likiwa kwenye mkanda wa baba yako. Nilingoja siku nitakapokiona kisu cha baba yangu."

"Alijua unaangalia?"

"Alijua. Kila nilipoingia alifungua koti, akageuka upande wangu, nione vizuri."

Ravdna alikumbuka lile koti. Hata kwenye baridi kali lilikuwa wazi, na yeye alikuwa akimgombeza mzee kwamba atapata kichomi. Akajifunika uso kwa kitambaa cha sufu, akalia kwa sauti, na Elle akamwacha alie.

Baadaye Elle aliinuka, akamfunga kisu kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Tutapita kwa Áslat," alisema. "Koti usifunge."