Nyayo za Yazid

"Mguu uliumbiwa mchanga, bwana, si lami ya kaunti!"

Yazid alikuwa amesimama mlangoni kwake, raba zake za mbio mkononi, akizipunga kama wakili mwenye ushahidi. Kichochoro chao hapo Kuze ni chembamba, ukinyoosha mkono wamgusa jirani wa ng'ambo. Jirani mwenyewe, Abdulkadir, alikuwa amekaa barazani kwake miguu peku, ajipangusa vumbi bila haraka.

"Mimi sijamvua mtu viatu, yakhe. Wameniuliza, nimewaambia. Mwezi mzima nilitembea tu humu vichochoroni. Kisha nikakimbia dakika tano. Kisha kumi. Leo miezi minane, na lile goti lililokuwa likinitesa limenyamaza."

"Daktari gani kasema hivyo?"

"Goti."

Watu waliokaa barazani wakacheka, na kicheko kile kikamwingia Yazid kama mwiba. Miaka sita yeye ndiye aliyewatoa watu hawa vitandani. Kila Jumamosi baada ya alfajiri alikimbia mbele, kundi nyuma, kutoka Kuze hadi Kibarani na kurudi, na kila alipopita aliitwa: "Kocha! Kocha!" Sasa kocha alikuwa mwengine. Kibaya zaidi, miguu peku haina kishindo. Kundi lilikuwa likipita mlangoni pake asisikie kitu, mpaka asikie vicheko vyao mbali huko, washampita.

"Basi Jumamosi hii," akasema kwa sauti ya kusikika hadi madirishani, "nami naenda peku. Kibarani na kurudi. Na niko mbele!"

"Siku ya kwanza? Yazid, anza kidogo kidogo."

"Waogopa nini, Abdulkadir?"

Ijumaa jioni Haifa, mkewe, alimkuta uani na beseni la maji ya moto, jiwe la kusugulia mkononi. Alikuwa amesugua visigino saa nzima, vimekuwa vyeupe na laini kama vya mtoto wa siku arubaini, na sasa avipaka mafuta ya nazi.

"Waenda kukimbia au waenda kuposa?"

"Mimi nitakuwa mbele, Haifa. Walio nyuma wataona nini? Nyayo. Sasa nikawaonyeshe magaga?"

Haifa akamtazama, akaingia ndani akicheka peke yake.

Asubuhi Yazid akatoka mbio kama aliyeibiwa. Mpaka Makupa alikuwa mbele kweli, na raha yake ilikuwa kugeuka na kumwona Abdulkadir nyuma, ajiendea taratibu. Lakini nyayo zilishaanza kuwaka. Kila kokoto akaijua kwa jina. Karibu na Kibarani, pale palipokuwa jaa zamani, alisikia kitu kikichanika chini ya kisigino, akaketi ukingoni mwa barabara.

Barnabas wa kundi lao, dereva wa kreni bandarini Kilindini, ndiye aliyemfikia kwanza. Yazid alimtazama miguu, akaona kitu ambacho wiki zote hizi hakukiona kwa hasira: Barnabas alikuwa na raba zake, tena zimefungwa barabara.

"We hukimbii peku?"

"Mimi nina sukari, kocha. Abdulkadir alinikataza. Alisema miguu yangu ina ganzi, nikikatwa sitajua."

Lile neno kocha lilimuuma kuliko malengelenge. Kumbe watu hawakumfuata Abdulkadir kwa ajili ya miguu. Walimfuata yeye mwenyewe.

Abdulkadir alipofika akawaambia wengine waendelee, akasimamisha tuktuk, akapanda naye. Njiani akaishika miguu ya Yazid, akaigeuza kama mtu anayechagua embe sokoni. 

"Umezisugua nyayo?"

"Jana."

"Kwa jiwe?"

"Kwa jiwe."

"Ngozi ile ngumu, Yazid, ndiyo niliyoitafuta mimi miezi minane." Midomo ilimtetemeka, lakini hakucheka.

"Wallahi usiwaambie. Nitahama Kuze."

"Na peku ujaribu tena," Abdulkadir akasema. "Zikipona. Peku yamfaa mwenye subira, asiye na ugonjwa, anayetazama anapokanyaga. Kama si mmoja wao, vaa raba ukimbie, hapana dhambi."

Walipofika, baraza zilikuwa zimejaa. Habari Kuze husafiri kwa kasi kuliko tuktuk.

"Kocha kapatwa na nini?" mtu akauliza.

Yazid akafumba macho.

"Lami ya Makupa mbaya," Abdulkadir akajibu. "Alikuwa ametuacha mbali."

Kila neno lilikuwa la kweli, na siri yake haikutoka. Yazid alipaswa kushukuru. Badala yake wivu ulimpanda upya, mpya kabisa: hata kwa uungwana mtu huyu amemshinda! Akajivuta kuelekea mlango wake, ashika ukuta. Nyuma yake wakimbiaji walikuwa wakirejea mmoja mmoja, wamiminika kwa Abdulkadir, vikombe vyagongana, wote wasema kwa pamoja. Wiki zote hizo Yazid alikisikiliza kishindo kile cha staftahi akiwa nyuma ya dirisha lake, na hakuvuka hata mara moja.

Mona, mke wa Abdulkadir, akachungulia mlangoni, mikono imejaa unga.

"Shemeji Yazid, waenda wapi na miguu hiyo? Haifa yuko humu ndani asubuhi yote, amenisaidia kusukuma mahamri. Barnabas, mshike mkono. Ingia, shemeji, mbaazi zapoa!"