Feni Aliyeomba Kustaafu

Jana alasiri, baada ya ugali na maharage, Mwalimu Eferina Mgaya alijinyoosha kwenye kochi sebuleni kwake, Njombe, akaota ameingia ndani ya laptopu yake.

Laptopu hiyo ina miaka kumi na miwili. Mwalimu Eferina, aliyestaafu baada ya kufundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita, alikuwa anaandikia humo kitabu cha maisha yake, na alikuwa amefika ukurasa wa mia mbili na kumi. Lakini tangu mvua zianze, mashine ilikuwa inanguruma kama inasaga mahindi, inapata moto, kisha inazimika sentensi ikiwa katikati. Kitabu kisingeweza hata kuhamishiwa kwenye flashi, maana matundu ya kuichomeka yalikwishakufa. Fundi mmoja wa mjini alimuuzia feni mpya pamoja na bamba lake la kupozea, lile lenye bomba la shaba, na dawa ya kupitisha joto, ila akakataa kuvifunga. Alisema mashine ya umri ule ukiifungua inaweza isiwake tena. Kwa siku tatu mwalimu alikuwa anaizunguka meza, bisibisi mkononi, bila kugusa kitu. Mumewe, Mzee Lutengano, ambaye ni seremala, alimwambia tu kwamba skrubu ni skrubu.

Basi akasinzia.

Laptopu imelala kifudifudi uwanjani, kubwa kama jengo la halmashauri. Skrubu wamepanga foleni pembeni, kofia zao zimeng'arishwa.

"Kamwene," anasalimia wa kwanza.

"Kamwene," anaitikia mwalimu.

Skrubu anamweleza utaratibu: wafupi watoke na wafupi, warefu na warefu, na kila mmoja akumbuke tundu lake. Mwalimu anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Wa saba hayupo. Wenzake wanasema aliomba ruhusa ya kwenda msibani miaka minne iliyopita.

Mlangoni amekaa Betri, mama mnene aliyejifunga kitenge. Kanuni inasema betri aondolewe kwanza, kabla hujagusa kingine, naye anaijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote. Mwalimu anamshika mkono, anamsindikiza taratibu hadi kivulini.

"Na wewe uache umeme wako hapa," anasema Betri.

Mwalimu anauliza umeme gani.

"Huo wa kumkasirikia fundi. Unaua mashine."

Mwalimu anagusa bomba la maji. Hasira inamtoka kwenye kidole gumba, inashuka ardhini, na bomba linatikisika kidogo. Anaingia akiwa mwepesi.

Ndani ni darasa lake la zamani, lenye madirisha yasiyofungika vizuri. Kwenye dawati la mbele amekaa Prosesa, mdogo, mraba, anatoka jasho. Nyuma yake Bi Shaba anabeba joto kichwani kwa ndoo, analipeleka dirishani, anarudi kuchota lingine. Na dirishani, ndani ya koti zito lililomfunika hadi masikio, anazunguka Feni. Anazunguka kidogo, anakohoa, anazunguka tena.

"Mwalimu," anasema, "nina barua yangu ya kustaafu. Nimeiandika upande mmoja tu. Upande wa pili nimeziba."

Mwalimu anaisoma. Haina kosa hata moja la herufi. Barua inaeleza kwamba mwombaji amefanya kazi bila likizo, na kwamba mwenye mashine alipoandika habari za mtoto wa darasani aliyefariki kwa surua, mwombaji alizunguka kwa nguvu kuliko siku zote, kwa sababu siku ile mwenye mashine aliandika bila kupumzika. Mwalimu anakunja barua. Anamwomba radhi Feni kwa kumwacha kwenye vumbi miaka yote hiyo.

"Hili si vumbi," anasema Feni. "Ni blanketi."

"Blanketi gani?"

"Lile jekundu la mzee. Kila Alhamisi ukienda kwaya, anaichukua mashine, anapanda nayo kitandani, anaiweka juu ya blanketi, anasoma. Anasoma polepole, kidole kwenye kioo. Mashine ikizimika anasubiri ipoe, anaanza upya. Matundu yangu ya kuvutia hewa yako chini, mwalimu. Lakini ningesema nini? Mtu anasoma."

Mwalimu anamwambia hilo haliwezekani. Lutengano hajawahi hata kuuliza kitabu kinahusu nini.

"Amefika ukurasa wa tisini na nne," anasema Feni, na kukohoa.

Hakuna muda wa kubishana, kwa sababu darasa limeshageuka jiko na Prosesa ameanza kuchemka. Dawa ya zamani ya kupitisha joto imemkaukia mgongoni kama uji wa jana. Mwalimu anaifuta kwa kitambaa laini hadi mgongo unang'aa. Dawa mpya inatakiwa iwe kiasi cha punje ya mchele, kwa hiyo Punje ya Mchele amefika mwenyewe, ndani ya suti nyeupe, ili apimwe. Mwalimu anakamua.

"Umezidisha," anasema Punje.

Anafuta, anakamua tena. Punje anasimama kando ya tone, anajilinganisha nalo bega kwa bega, anaridhika, anaaga.

Bamba jipya linashuka na kukaa. Skrubu wanne wanakuja kulishika kimshazari, huyu pembe hii, yule pembe ya kule, kila mmoja anazunguka kidogo na kumsubiri mwenzake. Feni mpya, msichana mkimya, anauliza aweke wapi viatu.

Ndipo Feni mzee anachomoa waya wake mwenyewe. Anasimama. Kwa mara ya kwanza mwalimu anaweza kuhesabu mapanga yake.

Aliamka saa tisa na nusu. Laptopu ilikuwa mezani, imefungwa vilevile. Hakusimulia kitu. Alimwita mumewe, wakaanza kazi pamoja: yeye akifungua skrubu, Lutengano akizipanga kwenye karatasi na kuandika namba. Walitoa betri. Walifuta dawa ya zamani, wakapaka mpya. Walipoifunga na kubonyeza, mashine ilikaa kimya muda mrefu mno, hata Lutengano akamshika bega. Kisha kioo kikawaka, na feni mpya ikapuliza taratibu.

Mwalimu aliichukua ile ya zamani na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya mapanga yake palikuwa na kifundo cha manyoya mekundu. Alikichomoa kwa kucha, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Baba Ezra, umefika ukurasa wa ngapi?"

Lutengano alikiviringisha kile kifundo kati ya vidole.

"Tisini na nne," alisema. "Pale mama yako anapoikataa posa yangu."

Mwalimu alitaka kusema jambo, lakini mumewe akainua mkono kumzuia.

"Usiniambie inaishaje."